Leo Kuna Nini? Kula na Kununua Palermo Kama Mwenyeji

Haya ni maneno niliyoyasema hapa Malindi mbele ya vijana wanaojiandaa kwenda Italia pamoja na wazazi wao. Waliokosa kuja wameniomba niyaandike yote. Nimeyaacha kama nilivyoyatamka, ila picha nilizoonyesha ukutani sikuziweka.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Ahsanteni kwa kunipokea. Mtu wa Malindi hafundishwi pizza, na mimi sikuja kuwafundisha. Hapa kwetu mtoto anasema "ciao" kabla hajajua kusoma. Waitaliano tumekaa nao, tumewapikia, tumewavulia samaki, na wengine tumeoana nao. Lakini niwaulize swali. Mwitaliano tunayemjua hapa ni yupi? Ni yule aliye likizoni, anayeamka saa nne na kulipa bila kuuliza bei. Mkute huyo huyo kwao, Jumamosi asubuhi, sokoni. Atasimama mbele ya meza ya samaki dakika kumi. Atatazama jicho la samaki, atauliza, atajibiwa, ataondoka, kisha atarudi. Huyo wa pili ndiye mtakayeishi naye, na leo nataka kuwaeleza habari zake.

Nazungumzia Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sicily. Nimekaa huko miaka 11, na mingi kati ya hiyo nilikuwa nikimtunza bibi mmoja mzee katika mtaa wa Albergheria, hatua chache tu kutoka soko la Ballarò. Ninachojua kuhusu kula Palermo alinifundisha yeye. Na alinifundisha kwa kunirudisha sokoni.

Wiki ya kwanza alinituma sarde, wale samaki wadogo wa jamii ya dagaa, ila wao wamenenepa. Mimi mgeni, sokoni kelele, nikaona heri niende supamaketi. Nikaleta pakiti nzuri, imefungwa kwa nailoni, ina tarehe. Bibi akaifungua, akainusa, akaifunga. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Nani alikwambia uchukue hizi?" Nikamjibu kwamba hakuna, nilichagua mwenyewe. Akatikisa kichwa, akanipa sentensi moja niikariri, akanirudisha njiani. Sentensi yenyewe ni hii: *Oggi che c'è?* Leo kuna nini?

Vijana, mkisahau yote nitakayosema, hiyo ibebeni. Leo kuna nini?

Mbona sentensi ndogo hivyo ina uzito? Kwa sababu ukifika Ballarò na orodha yako mfukoni umeshaanza vibaya. Mwenyeji haendi kutafuta alichokiwaza nyumbani. Anakwenda kuuliza bahari imetoa nini na mlima umeshusha nini, kisha anarudi na chakula ambacho asubuhi hakukijua. Sarde ni za kuanzia majira ya kuchipua, na wakati huo huo wakulima wanashuka na mafungu ya finocchietto, shamari ya porini inayoota yenyewe milimani. Vitu hivyo viwili vinakutana sokoni katika majira mamoja, na ndiyo maana vinakutana katika chungu kimoja: pasta con le sarde. Ndani yake mna sarde, shamari, kitunguu, zabibu kavu, mbegu za msonobari na zafarani. Juu wananyunyiza chenga za mkate zilizokaangwa. Mpishi hakuibuni akiwa mezani. Aliikuta sokoni.

Na hili ninyi mnalijua bila kufundishwa. Kusi ikivuma, nani hapa Malindi anakwenda ufukweni kudai samaki wa kina kirefu? Hakuna. Kule nao wana upepo wao, scirocco, unaotoka upande wa Afrika, wa joto na mavumbi, na bahari ikichafuka meza za samaki zinapungua. Jumatatu nayo ni siku ya kuacha samaki, kwa sababu mvuvi Jumapili amepumzika. Bibi alikuwa akisema anayenunua samaki Jumatatu ananunua wa Jumamosi.

Jambo jingine la samaki, na hili sikuliona mpaka nilipoonyeshwa. Masoko ya zamani ya Palermo yanafunikwa kwa maturubai mekundu. Jua likipita katika turubai lile, kila kitu chini yake kinang'aa wekundu mzuri, nyama ya jodari inaonekana imechinjwa sasa hivi. Bibi yangu, miguu ikiwa bado ina nguvu, alikuwa akimwambia muuzaji, "Mtoe huku nje." Muuzaji anamshika samaki kwa shavu, anapiga hatua mbili mpaka kwenye nuru nyeupe ya barabarani, na pale ndipo jicho linapotazamwa. Kama limevimba na kung'aa, sawa. Kama limezama, bibi anasema ahsante na anaendelea na safari yake. Hakuna ugomvi. Muuzaji mwenyewe anamheshimu zaidi.

Sasa mikono. Jamani, mikono! Sisi sokoni tunashika nyanya, tunaibonyeza, tunaigeuza. Kule, usiguse. Nilishika nyanya moja siku ya tatu, na mwenye meza alipaza sauti mpaka watu wakageuka. Nikasimama nimeganda. Baadaye nikaelewa. Kule muuzaji ndiye anayekuchagulia, na hilo ndilo neno lake la heshima kwako. Unamwambia unataka nyanya za kupika leo au za kula keshokutwa, na yeye anachagua kulingana na siku yako. Ukimgusia bidhaa umemwambia humwamini. Kwa hiyo salamu kwanza, *buongiorno*, halafu swali, halafu mikono yako mfukoni. Ukitaka kweli kugusa, omba: *Posso?* Naweza? Na pimo lao dogo ni *etto*, yaani gramu 100. Mwenyeji haombi kilo ya jibini. Anaomba etto mbili, anakula, kesho anarudi. Kule kurudi ndiko kunakokupa jina. Mwezi wa kwanza mimi nilikuwa "signora", yaani mama tu. Mwezi wa tatu nikawa "wa yule bibi wa ghorofa ya tatu". Mwaka wa pili, nikipita bila kusimama, muuza zeituni ananiuliza kulikoni, bibi mgonjwa?

Alipoacha kushuka ngazi kabisa, bibi alikuwa akinunua kwa kapu. Wanaliita *panaru*. Anaketi barazani juu, anateremsha kapu kwa kamba na pesa ndani, mwenye mkate anatoa pesa, anaweka mkate na chenji, anagonga ukuta mara mbili, kapu linapanda. Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia chenji imepungua.

Niwaulize akina mama. Mumunye mwalijua? Tena sana! Basi Palermo mumunye mrefu, mwembamba, wa kijani kibichi, wanauita *cucuzza*, na majani yake machanga pamoja na vikonyo vyake wanayaita *tenerumi*. Yanauzwa kiangazi kwa mafungu makubwa kama mzigo wa kuni. Siku nilipoyaona nilisimama palepale, macho yakanilengalenga. Niliyakumbuka majani ya maboga ya mama yangu. Wao wanayakatakata, wanayachemsha na nyanya na kitunguu saumu, kisha wanavunja spageti vipande vidogo wanazitia humo humo. Inakuwa kama supu nzito. Inaliwa vuguvugu, wakati wa joto kali. Nilimpikia bibi kwa namna yangu, nikaongeza tui kidogo. Alikula nusu bakuli kimya. Kisha akasema, "Hii si yetu, lakini niongeze."

Na hapo ndipo nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, wazee wangu mnivumilie kidogo.

Desemba ya kwanza nilishikwa na homa. Nyumba za zamani za Palermo ni za mawe, baridi yake inaingia mfupani. Nimelala, najitetemekea, dada yake bibi akaingia, akaweka mikono kifuani, akasema kwa sauti ya huruma: "*Mischina!*" Niliketi kitandani. Nilidhani homa imepanda kichwani. Maskini! Amesema maskini! Kwa sauti ile ile, kwa huruma ile ile tunayoisema sisi mtoto akianguka.

Ni neno lile lile, ndugu zangu. Waarabu waliuteka mji ule mwaka 831, na utawala wao ukadumu mpaka Wanormani, Wakristo wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, walipoingia mwaka 1072. Neno la Kiarabu likabaki kwao, na neno hilo hilo likafika kwetu kwa majahazi. Zabibu: kule *zibibbo* ni jina la zabibu zao tamu. Zafarani: *zafferano*. Sukari: *zucchero*. Sharbati: *sorbetto*. Na jeneza, ambalo wazee wetu huliita tabutu, wazee wa Sicily wanaliita *tabbutu*.

Kuna zaidi. Mwaka 1154, ndani ya Palermo, mwanachuoni Mwislamu, Muhammad al-Idrisi, alimaliza kitabu cha jiografia alichomwandikia mfalme Mkristo, Roger wa Pili. Katika kitabu kile, kwenye pwani ya Zanj, yaani pwani yetu hii, ametaja Mombasa. Ametaja Malindi. Mnasikia? Jina la mji wetu liliandikwa Palermo karibu miaka 900 iliyopita! Na kitabu hicho hicho kinaeleza habari za Trabia, mahali pasipo mbali na Palermo, ambako watu walitengeneza kitu kinaitwa *itriyya*: unga wa ngano uliofanywa nyuzi, ukapakiwa vyomboni na kupelekwa nchi za Waislamu na nchi za Wakristo. Sisi twakiitaje? Tambi. Mtu akikuuliza wewe Mswahili na pasta mnahusiana nini, mjibu kwamba Malindi na tambi za Sicily zimo katika kitabu kimoja.

Na wapishi hasa mnisikilize. Mmoja wa watakatifu walinzi wa mji ule ni Benedetto il Moro, Mwafrika mweusi, mtoto wa watumwa, aliyefariki mwaka 1589. Katika nyumba ya watawa ya Santa Maria di Gesù alikuwa mpishi. Mji mzima unajiweka chini ya ulinzi wa mpishi Mwafrika. Usiingie kule umeinamisha kichwa.

Sasa kula nje. Hapa nitasema wazi kwa sababu wengi wetu ni Waislamu, na sitaki mtoto wa mtu akosee kwa kutojua.

Vyakula vya barabarani vya Palermo ni vingi na ni vitamu, lakini neno la kulijua ni *strutto*. Ni mafuta ya nguruwe. *Pani ca' meusa*, mkate wenye bandama na pafu la ndama, nyama yenyewe ni ya ng'ombe, lakini inakaangwa kwa strutto. Hata ganda la cannolo, lile la kukaanga linalojazwa jibini tamu ya ricotta, kwa desturi linakandwa na strutto na mvinyo. Arancina, mviringo wa wali uliokaangwa, ile ya "siagi" huwa na nyama ya nguruwe ndani, na ya nyama mara nyingi inachanganywa na ya nguruwe. Basi uliza. *C'è strutto? C'è maiale?* Kuna strutto? Kuna nguruwe? Hawakasiriki. Wamezoea, maana Ballarò leo imejaa Wabangladeshi, Waghana, Watunisia na Wanaijeria, na mitaa ile ina mabucha ya halali.

Na kisichokuwa na shaka ni kingi. Sfincione, mkate mnene laini wenye nyanya, vitunguu, samaki wa chumvi na jibini, unauzwa kwenye mkokoteni wa magurudumu matatu. Pweza wa kuchemsha anakatwa mbele yako, anatiwa ndimu, unakula umesimama. Kwa mtu wa pwani pale hakuna cha kueleza. Kuna vitunguu vizima vilivyookwa, viazi na mboga zilizochemshwa tayari, kwa mama aliyechoka anayetaka kufika nyumbani na kuweka mezani. Hilo la vitunguu si jipya: msafiri Ibn Hawqal alifika Palermo mwaka 973 hivi, akalalamika kitabuni mwake kwamba watu wa mji ule wanakula vitunguu vibichi kupita kiasi. Mkate wao umepakwa ufuta juu, na kiangazi asubuhi watu wazima wenye heshima zao wanakula aiskrimu ndani ya mkate mtamu. Kahawa wanainywa wamesimama kaunta, kwa bei ndogo kuliko ya mezani, na kabla ya kahawa mnapewa glasi ya maji. Kunyweni maji kwanza. Hivyo ndivyo wanavyofanya.

Saa zao zitawasumbua mwanzoni. Chakula cha mchana ni saa saba kwenda mbele. Maduka mengi yanafungwa mchana mpaka saa kumi hivi, na hata ukigonga hutafunguliwa. Usiku, mkahawa uliojaa watu saa moja umejaa wageni. Wenyeji wanakaa mezani saa mbili na nusu, saa tatu. Na Agosti, karibu na tarehe 15, mji unahamia baharini.

Sasa kisa cha bili. Mpwa wangu alikuja kunitembelea, nikataka kumfurahisha. Tukaketi mkahawa mmoja karibu na kanisa kubwa, mahali pazuri, meza zimepangwa barabarani. Kwenye orodha samaki wa kuchoma ameandikwa euro 7. Nikasema hii ni rahisi, lete. Mhudumu akatuletea samaki mzima, wa kupendeza. Bili ikaja: euro 63, samaki peke yake. Niliitazama mara tatu. Ile 7 ilikuwa bei ya etto moja, maandishi madogo pembeni yamesema hivyo, na samaki alikuwa na gramu 900. Nililipa, na mwezi ule nikapunguza pesa ninazotuma nyumbani. Mama yangu amekaa hapo mbele, sikumwambia mpaka leo.

Kwa hiyo, vijana: samaki akitajwa bei, uliza ni ya sahani au ya etto. Mwambie ampime kwanza, akutajie jumla, ndipo apikwe. Mwenyeji anafanya hivyo bila aibu. Katika bili mtaona neno *coperto*. Hiyo ni ada ya kuketi, ya kila kichwa, mara nyingi euro 1 hadi 3, na lazima iwe imeandikwa kwenye orodha. Si bakshishi, na si wizi. Na popote pale, kabla ya orodha kufunguliwa, ulizeni nini? [Ukumbini wakajibu.] Leo kuna nini! Mkahawa wa wenyeji utakujibu kwa vitu vitatu vinne. Ukijibiwa kwa kitabu chenye picha za kila chakula cha dunia, ahsante, endelea na safari.

Masoko mengine nitayataja kwa haraka. Capo, upande wa Porta Carini, ni zuri kwa samaki na ni tulivu kidogo kuliko Ballarò. Vucciria, ambayo mchoraji Renato Guttuso aliichora mwaka 1974 ikiwa imejaa nyama na samaki, leo mchana ina meza chache. Usiku ndipo vijana wanapojaa. Wazee walikuwa na msemo kwamba jambo fulani litatokea mawe ya sakafu ya Vucciria yakikauka, yaani halitatokea kamwe, kwa jinsi soko lilivyokuwa likimwagiwa maji kutwa. Siku hizi mawe yale yanakauka, na bibi yangu alikuwa akilisema hilo kwa uchungu wa kweli.

Ukitaka sufuria, nenda Via Calderai, mtaa wa mafundi wa vyombo vya bati na shaba. Vibao vya mitaa pale vimeandikwa kwa lugha tatu, Kiitaliano, Kiebrania na Kiarabu, kwa sababu palikuwa mtaa wa Wayahudi. Karibu na hapo pana Lattarini, jina lililotoka kwenye soko la waattari, wauza manukato na viungo. Sufuria niliyoinunua Calderai mwaka wangu wa kwanza ninayo mpaka leo. Nimekuja nayo. Ndiyo hiyo mnayoiona pale jikoni.

Maana sikuweza kuja mikono mitupu. Chakula cha barabarani kinachopendwa kuliko vyote Palermo kinaitwa *panelle*, na malighafi yake mnayo nyumbani: unga wa dengu. Ule ule wa bhajia. Nimeununua jana hapa hapa sokoni Malindi. Unaukoroga kwa maji baridi na chumvi usifanye madonge, unaweka motoni, unasonga kama ugali mwepesi bila kuacha, mpaka uache kushika sufuria. Unatia prezzemolo, majani yanayofanana na dania, iliyokatwakatwa. Unautandaza ungali moto, kwa unene wa kidole cha mtoto hata usifike, unaacha upoe, unakata vipande, unakaanga. Ndani ya mkate wa ufuta, chumvi kidogo, ndimu nyingi. Hakuna strutto. Nimekaanga kwa mafuta ya alizeti, nimeyamimina mwenyewe.

Bibi yangu alifariki miaka miwili iliyopita, Februari, mvua inanyesha. Jioni ya mwisho aliyokula kwa hamu aliomba panelle, na akanituma kwa yule yule mwenye kijiwe cha kona, siyo mwingine. Nikafika, nikauliza kama alivyonifundisha, ijapokuwa yule bwana anauza kitu kimoja tu maisha yake yote. Akanijibu, "Leo kuna ya bibi," akakataa pesa.

Mafuta yameshapata moto. Wazee watangulie, tafadhali, wapewe viti karibu na meza. Ndimu ziko kwenye sahani ya bluu.